Maji Yanayokaa
Mhadhara kwa wapenda maua ya ndani, Tanga, wakati wa masika

 

Juu ya meza nimeweka vyungu viwili. Cha kulia ni cha plastiki, kimevishwa kikapu cha ukindu ili kipendeze sebuleni. Cha kushoto ni cha udongo, kimefinyangwa kwa mkono, na ubavuni kina madoa meupe. Mmea ni mmoja katika vyote viwili: dughulushi, yenye majani ya manyoya na maua ya zambarau. Kile cha plastiki alinikabidhi mama mmoja wa mtaani kwetu wiki mbili zilizopita. Alikuwa amekifunika kwa gazeti kama mtu anayesitiri aibu. Nilipoitikia shikamoo yake akasema, "Mwalimu, ua langu limeota mvi."

Nimekiacha kama alivyonipa. Mkisogea mtaona utando mweupe, mwepesi kama sufi iliyochambuliwa, umetambaa kutoka kwenye shina hadi ukingoni mwa chungu. Pale jani lilipodondokea, utando umegeuka rangi ya kijani iliyofifia. Nikikigonga kwa kidole, visubi viwili vitatu vinaruka. Ukiinama kunusa, unapata harufu ya stoo iliyofungwa muda mrefu.

Huku pwani tuna majina matatu kwa kitu hiki. Nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi hufanya koga. Mkate uliosahaulika kabatini huota ukungu. Vitabu vya shule husema kuvu. Mimi hilo la ukungu linanivuta zaidi, kwa sababu ndilo jina tunalolipa pia wingu linaloshuka asubuhi juu ya Amani na Lushoto. Waliovipa vitu hivyo viwili jina moja walikuwa wameona jambo: unyevu umekuja na haukupata pa kwenda. Na hilo ndilo nililokuja kulisema leo. Ukiona kuvu juu ya udongo wa ua lako, usikimbilie dawa ya kuvu. Tafuta kwanza maji yamekaa wapi, na kwa nini yamekaa.

Kuvu haioti kwa mbegu kama mchicha. Huenea kwa spora, chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na humu ukumbini tunazivuta kwa pua sasa hivi. Huwezi kuzizuia zisitue kwenye chungu. Ikitua pakavu, spora inakaa tu, hata miezi. Ikitua penye unyevu na chakula, inachipua nyuzi, nazo nyuzi hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha mabaki ya majani, samadi na vipande vya miti, kisha zinafyonza ule uji. Kuvu nyingi tunazoziona juu ya vyungu hula vitu vilivyokwisha kufa. Msituni ndizo zinazorudisha majani makavu yawe udongo, na bila hizo Usambara ingekuwa imezama chini ya takataka zake yenyewe. Kwa hiyo mama yangu yule nilimwambia asiogope: mvi hizo hazili ua lake.

Lakini sikumwambia alale usingizi. Udongo ulio mbichi juu mchana kutwa, kwa siku tano, ni udongo ambao huko chini umejaa maji. Mizizi inapumua kama sisi. Katika udongo mzuri, kati ya chenga na chenga kuna vijinafasi vyenye hewa. Maji yakivijaza na yasitoke, mizizi inakosa hewa na kuanza kufa ncha kwa ncha. Hapo ndipo wanapoingia maadui wa kweli, Pythium na Phytophthora, viumbe vinavyofanana na kuvu ambavyo spora zao huogelea ndani ya maji hadi zikaufikia mzizi. Hao hawaonekani juu. Utaona tu majani yamelegea, utadhani mmea una kiu, utaongeza maji, nawe utakuwa umeumaliza. Nimeona maua mengi yakifa hivyo kuliko kwa ukame.

Kuna wageni wengine wa chungu niwataje kwa haraka. Ukiamka ukakuta uyoga mdogo wa rangi ya ndimu iliyoiva, huo ni Leucocoprinus birnbaumii. Asili yake ni nchi za joto, lakini August Corda aliuandika kitaalamu mwaka 1839 huko Ulaya, ambako hupenda kujitokeza ndani ya nyumba za vioo. Mmea haudhuriki. Mtoto akiula ndiye atakayedhurika, kwa hiyo ung'oeni mapema. Na yale madoa meupe kwenye chungu cha kushoto siyo kuvu. Papasa kwa kidole: ni magumu, yanakwaruza, yanapukutika kama chumvi, kwa sababu ni chumvi kweli. Wengi wetu tunamwagilia maji ya kisima, nayo yana chumvi. Maji yanapenya ukuta wa chungu, yanakauka nje, chumvi inabaki. Kuvu ni laini na hufutika ikaacha unyevu kidoleni. Ukigundua ni chumvi, kinga maji ya mvua hizi uyapitishe kwa wingi kwenye udongo mpaka yatoke chini.

Sasa naomba mtazame sponji hii ya kuoshea vyombo. Nimeichovya kwenye beseni mpaka imeshiba. Nailaza bapa kiganjani. Inadondosha, inadondosha, imenyamaza. Subirini kidogo. Hakuna tone. Sasa naigeuza, naisimamisha wima. Mnasikia? Maji yanatoka tena, na mengi, wala sijaikamua. Sponji ni ileile. Kilichobadilika ni kimo chake.

Udongo wa chungu ni sponji. Hata kama chungu kina tundu, maji hayatoki yote. Sehemu ya chini hubaki imeshiba kwa sababu chenga za udongo zinayashika maji kwa nguvu kuliko uzito wake unavyoyavuta chini. Unene wa tabaka hilo lililoshiba unategemea chenga za udongo: zikiwa laini, tabaka ni nene; zikiwa kubwa, ni jembamba. Hautegemei urefu wa chungu. Ndiyo maana udongo uleule ukiutia katika bakuli pana la kina kifupi, karibu wote ni tope, na ukiutia katika chungu kirefu, nusu ya juu inapumua.

Na hapa nina jambo la kuomba radhi. Kwa miaka mingi niliwafundisha watu kuweka kokoto chini ya chungu ili maji yatoke vizuri. Baadhi yenu mliketi mbele yangu mkaandika. Nilikosea. Maji hayaingii kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo lile tabaka la maji halikuondoka. Nililipandisha tu, nikalisogeza karibu na mizizi na karibu na uso wa udongo, pale kuvu inapoota. Weka kigae kimoja juu ya tundu ili udongo usimwagike. Nafasi iliyobaki yote ijaze udongo mzuri.

Huo udongo mzuri ni upi? Twendeni Usambara kidogo, maana safari ya mmea huu wa dughulushi ilianzia huko. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya hapa Tanga, aliupeleka kwao Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akauandika kwa jina la Saintpaulia ionantha. Siku hizi wataalamu wameuingiza katika jenasi ya Streptocarpus, ila Wajerumani bado wanaliita ua hilo kwa jina la Usambara. Limeenea madirishani mwa dunia nzima, na sisi wenyeji wake tunalinunua kama la kigeni.

Porini mmea huu unaukuta kivulini, mara nyingi karibu na kijito, umeng'ang'ania uso wa jabali. Mizizi yake imejipenyeza kwenye ufa wenye mboji nyembamba isiyofikia hata kina cha vidole viwili. Hewa ya pale ni mbichi kuliko sebule yoyote ya Tanga. Mvua inanyesha kweli, na ukungu unashuka juu yake. Mbona hauozi? Kwa sababu maji yanaupitia hayakai. Yanateremka jabali, mizizi inachukua mgao wake, yaliyobaki yanaendelea na safari. Sisi tumeutoa jabalini tukautia kwenye kopo la plastiki, chini tukaweka kisahani, kisahani kikajaa, halafu tukashangaa mvi.

Kwa hiyo tunapochanganya udongo, tunajaribu kuiga jabali. Mimi kwa dughulushi nachukua sehemu moja ya udongo tifutifu, mbili za vumbi la makumbi ya nazi, moja ya pumba za mpunga zilizochomwa zikawa mkaa, na moja ya mchanga wa mto wenye chenga kubwa. Mchanga wa pwani hapana, una chumvi. Makumbi nayo yana neno lake. Wasokota kamba hufukia makumbi kwenye tope la ufukweni kwa miezi ili usumba uachane na ganda, na vumbi linalobaki baada ya kuyaponda limejaa chumvi ya bahari. Lioshe kwa maji matamu mara tatu nne, ulikamue, uonje kwa ncha ya ulimi. Ukihisi chumvi, rudia.

Samadi ndiyo inayoleta balaa zaidi. Samadi mbichi ni karamu ya kuvu. Wauza miche wengi hutia samadi nyingi ili jani liwe la kijani siku ya kuuzwa, nayo inaendelea kuoza sebuleni kwako. Mboji ikiiva haina joto ukiishika, haionyeshi majani wala mabua, na inanukia udongo baada ya mvua ya kwanza. Ukiwa na shaka, ilowanishe kidogo, ijaze kwenye mfuko, ufunge, uiache siku tatu. Ukifungua ukakutana na joto au harufu kali, irudishe shimoni.

Kisha kuna vyakula tunavyovipelekea kuvu wenyewe kwa nia njema. Maji ya kuoshea mchele yana wanga. Maji ya kuoshea samaki yana damu. Masalio ya chai ya maziwa na sukari yanamiminwa kwenye chungu kilicho karibu kwa sababu sinki liko mbali. Majani ya chai yaliyochujwa yanarundikwa kuzunguka shina yakae hapo kama kifuniko kibichi. Nimeingia nyumba ambayo bibi wa watu alikuwa akifanya hayo yote kwa upendo, na kila chungu chake kilikuwa na ndevu nyeupe. Hivi vitu vina pahali pake, napo ni shimo la mboji au shina la mgomba uani. Ndani ya chungu kidogo hakuna minyoo wala kuku wa kusaidia kuvimaliza. Vivyo hivyo majani yanayodondoka: yaokote kila siku. Lile doa la kijani nililowaonyesha lilianzia chini ya jani moja.

Chungu chenyewe nacho kina kazi. Sote tumekunywa maji ya mtungi, tukajua yana ubaridi ambao ndoo ya plastiki haina. Mtungi hutoa jasho: maji yanapenya ukuta wake, yanakauka nje, na kukauka kwake ndiko kunakoleta ubaridi. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi hufanya kazi ileile, kinakausha udongo kwa pande zote. Plastiki inaacha mlango mmoja tu, uso wa juu, na hapo ndipo unyevu wote unapokutana na spora. Sisemi mtupe plastiki. Ni nyepesi na ni ya bei nafuu. Ila ukiwa na chungu cha plastiki, mwagilia mara chache zaidi, na kikivishwa kikapu au chungu cha mapambo kisicho na tundu, kila baada ya kumwagilia kitoe uchungulie chini. Nilipokitoa hiki cha mama yangu kwenye kikapu chake, mlikuwa na kitambaa cha nailoni, na juu ya nailoni vidole viwili vya maji yaliyogeuka rangi.

Wala usiutie mmea mdogo kwenye chungu kikubwa ukidhani unaupa nafasi. Mizizi michache haiwezi kunywa maji ya udongo mwingi. Chungu kizidi kile cha mwanzo kwa vidole viwili upana, basi.

Niwasimulie kosa lililoniuma. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi tulikuwa na mmea mkubwa wa Zamioculcas zamiifolia pale mapokezi, ule wenye majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Nao ni wa kwetu, unaota wenyewe kwenye misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, na chini ya udongo una viazi vinavyoweka akiba ya maji kwa ajili ya kiangazi. Mhudumu alikuwa ameagizwa kumwagilia kila asubuhi, naye alikuwa mtu wa kutii. Madirisha yalifungwa kwa ajili ya kiyoyozi, mapazia yalishushwa kwa ajili ya jua. Kuvu ikatokea. Nilikuwa nimesomea kazi hii, na nikafanya alivyofanya kila mtu: nikakwangua uso, nikanyunyiza mdalasini. Baada ya siku kumi ikarudi. Nikakwangua tena. Mara ya tatu pia. Mwezi wa nne mabua yakalala chini yote kwa wiki moja. Tulipougeuza ule mmea, viazi vyake vilikuwa uji. Sikuwahi hata siku moja kutia kidole ndani ya ule udongo.

Mdalasini una kemikali inayozuia kuvu, hilo ni kweli, lakini unazuia pale ulipogusa tu, kwa siku chache, na maji yakibaki chini kuvu itarudi. Siki inachoma mizizi. Magadi yanaacha sodiamu udongoni, nasi tayari tuna chumvi ya kutosha. Kuuchemsha udongo kwa mvuke kunaua spora zilizomo, ila udongo usio na kiumbe chochote ni shamba lisilo na mwenyewe: kuvu ya kwanza kutua inatawala peke yake. Na dawa za ukungu za shambani, zile za nyanya na viazi, tafadhali zibaki shambani. Sebuleni watoto wanatambaa.

Sasa maji yenyewe. Usimwagilie kwa kalenda. Tia kidole udongoni hadi pingili ya pili. Kikitoka na udongo uliokishika, ondoka. Kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yatoke kwenye tundu, subiri nusu saa, kisha mwaga yaliyomo kwenye kisahani. Baada ya mwezi mmoja mikono yako itakuwa imejifunza uzito wa chungu, na utajua kwa kukinyanyua tu. Dughulushi unaweza kuinywesha kwa chini: kalisha chungu kwenye beseni la maji nusu saa, kisha kitoe. Uso wa udongo unabaki mkavu, na majani hayapati madoa yanayoletwa na maji baridi. Masika kama haya, hewa imejaa, jua halionekani, mmea unakunywa kidogo mno. Nyumbani kwangu mwezi huu namwagilia mara moja kwa siku kumi, hata kumi na mbili. Wanetu walio Ulaya wakipiga simu wakati wa baridi wakilalamikia mvi za namna hii, nawapa jibu lilelile, kwa kuwa kule nako mwanga umepungua na dirisha halifunguliwi.

Mwanga na hewa ni nusu ya dawa. Mmea ulio karibu na dirisha unavuta maji na kuyatoa majanini. Ulio kwenye kona ya giza nyuma ya kochi unayaachia yakae. Fungua dirisha asubuhi. Tenganisha vyungu, visibanane kama abiria wa daladala.

Kwa wenye pumu ndani ya nyumba, nasema kwa uzito: spora za kuvu zinaweza kuamsha kifua. Hospitalini, wodi za wagonjwa ambao kinga ya mwili imeshuka sana, kama waliopandikizwa uboho, haziruhusu kabisa mimea ya vyunguni, kwa sababu udongo wake unaweza kubeba Aspergillus. Mtu mzima mwenye afya hana haja ya hofu hiyo. Lakini kukwangua kuvu kufanyike nje, pua imefungwa kitambaa, uso wa udongo ukiwa umenyunyiziwa maji kidogo ili spora zisipae.

Sasa mama, naomba uje mbele. Chungu chako hiki. Nimekinyunyizia kidogo, nafunga kitambaa, nanyi wa mstari wa mbele sogeeni nyuma. Nakwangua tabaka la juu, unene wa vidole viwili, naliweka kwenye ndoo. Jioni litaenda kwenye mgomba. Nakigeuza, nakigonga kitako, mmea unatoka na udongo wake. Tazameni. Huku juu mizizi ni myeupe, ni mizima. Huku chini imekuwa ya kahawia, na nikiivuta ganda linateleza, unabaki uzi mwembamba ndani. Hiyo imekwisha kufa. Naikata kwa mkasi huu niliouchoma moto. Imebaki kama theluthi mbili. Inatosha.

Chungu kipya ni hiki kidogo cha udongo, na mchanganyiko ni ule niliowatajia. Naweka kigae, natia udongo, nausimamisha mmea ili kitovu chake kisizame. Sishindilii, nagonga tu mezani ujae wenyewe. Mchanganyiko una unyevu wake wa kutosha, kwa hiyo leo hatumwagilii. Mama, kiweke dirishani upande wa mashariki, bila kikapu. Siku ya nne tia kidole, kisha upite kwangu unieleze kidole kimesema nini.